Uzima na Utu Uzima: Hisia na Umri Katika Lugha na Katika Maisha ya Longonot

Utangulizi

Mlima Longonot katika Bonde la Ufa una kimo cha mita 2,776, lakini anayeupanda kutoka lango la hifadhi hukutana na jambo asilolitarajia. Afikapo juu haoni kilele, anaona kasoko. Ardhi inatelemka kwa ghafla hadi kwenye msitu ulio chini kabisa, halafu inapanda tena upande wa pili. Kasoko hiyo ikichorwa kwa ubavu hutoa umbo linalokaribia herufi U. Kwa sadfa, umbo hilohilo ndilo linalotumiwa na wanauchumi na wanasaikolojia wengi wa nchi za Magharibi kuelezea ustawi wa binadamu: mtu huanza utu uzima wake akiwa na furaha ya kadiri, hushuka afikapo makamo, kisha hupanda tena uzeeni.

Makala haya yanalipima dai hilo kwa mizani ya lugha ya Kiswahili na kwa mfano wa jamii zinazoishi Longonot na viunga vyake, hasa Wamaasai na Wakikuyu. Swali kuu ni hili: je, umbo la kasoko ndilo umbo la maisha ya mtu anayeishi chini ya mlima huo, au maisha yake yanafanana zaidi na uwanda wa Kedong unaotandaa hapo chini? Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakiuoni utu uzima kuwa hesabu ya miaka tu, bali nafasi ambayo mtu hupewa na wenzake. Hisia za mtu hutulia au huchafuka kwa kutegemea kama nafasi hiyo ingalipo.

Neno "mzima"

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Mtu akimwuliza mwenzake "U mzima?", anataka kujua hali ya afya yake. Mkate usiomegwa ni mkate mzima. Samaki aliyetoka majini akiwa bado anatapatapa ni mzima. Na mtu aliyevuka ujana ni mtu mzima. Shina moja, basi, linabeba dhana nne: ukamilifu, afya, uhai na umri. Nomino yake, uzima, ndiyo inayotumika katika sala na dua watu wanapoombeana heri. (Kitenzi "zima", cha kuzima taa au moto, kinafanana nalo kwa sauti tu, asili yake ni nyingine.)

Hili si jambo la Kiswahili peke yake. Wakikuyu wa Longonot na Maai Mahiu humwita mtu aliyekomaa "mũndũ mũgima", na "ũgima" kwao ni afya na ukamilifu pia. Ni shina lilelile la Kibantu. Kwa hivyo mzungumzaji wa lugha hizi, kabla hajasoma nadharia yoyote ya saikolojia, amekwisha kupewa na lugha yake dai zito: kwamba kukua ni kutimia, na kutimia ni kuwa na hali njema.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo haisemi kwamba kila aliyeongeza miaka ametimia. Usemi "mtu mzima ovyo" hutumiwa kumkemea aliyekua kimwili lakini hajui kujizuia. Utu uzima unapimwa kwa namna mtu anavyozimudu hisia zake mbele ya watu. Methali "Mtu mzima hatishiwi nyau" haimaanishi kwamba mtu mzima hana hofu. Inamaanisha kwamba amejifunza kipi kinastahili kuogopwa. Vivyo hivyo "Muungwana akivuliwa nguo huchutama": aibu ipo, ila aliyekomaa anajua la kufanya nayo. Anayeweza kukaa na neno zito bila kulitoa husemwa kuwa ana kifua, na sifa hiyo kwa kawaida hawapewi vijana.

Msamiati wa umri wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko unavyoangaliwa madarasani. Kuna barobaro na mwanamwali, kuna mtu wa makamo, kuna mzee, kisha kuna shaibu, ajuza na kikongwe. Neno makamo, ambalo asili yake ni Kiarabu, hubeba pia maana ya cheo au hadhi. Mzee, nalo, ni neno la heshima kabla ya kuwa neno la miaka: nchini Kenya mkubwa wa kazi mwenye umri wa miaka thelathini na mitano huitwa "mzee" bila mtu kushangaa. Likiongezewa kiambishi ki- na kuwa kizee, heshima inapungua mara moja na mwili uliochakaa ndio unaobaki machoni. Shaibu na ajuza huutaja mwili pia. Lugha imeutenga uzee wa cheo na uzee wa uchakavu, ingawa huenda mtu mmoja akawa na wote wawili kwa wakati mmoja.

Ni vyema kudokeza hapa kwamba mgawanyo huo haukuwatendea haki wanawake. Mwanamke haitwi "mzee" kwa wepesi ule anaoitwa mwanamume. Huitwa mama, nyanya, au, katika mazungumzo ya sehemu hizo za Bonde la Ufa, shosho. Majina haya yote humfungamanisha na watoto na wajukuu. Kikuyu kina neno "nyakinyua" kwa wanawake wazee wenye hadhi katika jamii, na Kiswahili sanifu hakina neno moja linalolingana nalo sawasawa.

Kasoko na uwanda

Dai la umbo la U lilipata nguvu zaidi mwaka 2008, pale David Blanchflower na Andrew Oswald walipochapisha uchunguzi uliotumia takwimu za Marekani, Ulaya na nchi nyingine nyingi. Kwa mujibu wao, ustawi hufikia chini kabisa katika umri wa makamo, kisha hupanda. Miaka saba baadaye, yaani 2015, Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone walionyesha katika jarida la Lancet kwamba umbo hilo si la dunia nzima. Katika nchi tajiri zinazozungumza Kiingereza, U ilionekana wazi, na sehemu yake ya chini ilikuwa kati ya umri wa miaka 45 na 54. Katika Ulaya ya Mashariki na nchi zilizokuwa za Kisovieti, na pia katika Amerika ya Kusini na Karibi, mstari ulishuka kadiri umri ulivyopanda. Katika Afrika kusini mwa Sahara mstari ulikuwa karibu tambarare, tena uko chini. Wazee hawakuwa na nafuu kubwa kuliko vijana, wala vijana kuliko wazee. Hata Blanchflower mwenyewe, pamoja na wenzake, ameonyesha katika miaka ya karibuni kwamba mkono wa kushoto wa U umeporomoka katika nchi nyingi kwa sababu ustawi wa vijana umezorota.

Huo ndio uwanda wa Kedong katika umbo la takwimu. Lakini hapana budi kuuliza swali limeulizwaje. Katika uchunguzi wa aina hii mhojiwa huombwa aifikirie ngazi yenye vipandio kuanzia sufuri hadi kumi, aseme maisha yake yako kwenye kipandio gani. Neno ngazi katika Kiswahili lina maana ya cheo pia. Mzee anayeulizwa swali hilo kwa Kiswahili husikia mambo mawili kwa pamoja: unajisikiaje, na umefika wapi. Jibu la la pili linaweza kulifunika jibu la la kwanza. Si haki kuzitupa takwimu kwa sababu hiyo, lakini si haki pia kuzisoma kana kwamba lugha haikuwepo.

Nadharia inayofaa zaidi kwa mwanafunzi wa fasihi ni ile ya Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, inayohusu uteuzi katika mahusiano na hisia. Kiini chake ni wakati. Mtu anayeuona wakati mrefu mbele yake hutafuta maarifa, marafiki wapya na mambo ya kesho. Mtu anayeuona wakati ukipungua hupunguza watu, akabaki na wa karibu, na huyapa uzito mambo yenye maana kwa sasa. Mwaka 2003 Carstensen, pamoja na Susan Charles na Mara Mather, walionyesha kwamba watu wakionyeshwa picha nzuri, mbaya na za kawaida, wazee hukumbuka nzuri kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko mbaya wakilinganishwa na vijana. Jambo la kuzingatia ni kwamba chanzo si miaka yenyewe. Uchunguzi uliofanywa Hong Kong ulibaini kuwa ulipokaribia mwaka 1997, wakati eneo hilo lilipokuwa likirudishwa kwa China, hata vijana walianza kuwapendelea jamaa zao wa karibu kama wafanyavyo wazee. Mwisho ulikuwa umesogea.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa jambo hili uliotangulia nadharia kwa zaidi ya karne moja. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake maarufu mnamo 1858 akiwa mgonjwa. Alizaliwa yapata mwaka 1810, kwa hivyo hakuwa ajuza. Alikuwa mtu wa makamo. Lakini hakuuelekeza utenzi huo kwa watawala wa Siyu wala kwa washairi wenzake. Aliuelekeza kwa binti yake. Wahakiki wengi wameujadili kama utenzi wa maadili ya mke na mume, na mjadala huo una nafasi yake. Ukisomwa kwa jicho la Carstensen, hata hivyo, ni maneno ya mtu aliyeuona wakati ukifupika, akachagua msikilizaji mmoja.

Shaaban Robert naye aliugawa wasifu wake kwa umri. Maisha Yangu, iliyochapishwa mwaka 1949, ilikuja kuunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini. Aliyezaliwa 1909 alifikisha hamsini mwaka 1959, akafariki 1962. Kichwa hicho kinashangaza kwa sababu hakitaji tukio, wala cheo, wala safari. Kinataja kizingiti cha umri tu, kana kwamba kukivuka ni habari inayojitosheleza. Mwandishi mwenyewe hakujua kwamba upande wa pili wa kizingiti ulikuwa na miaka michache sana.

Rika chini ya mlima

Kwa Wamaasai, ambao lugha yao ndiyo iliyoupa mlima jina lake, mpito wa umri hauachwi kwa mtu mmoja mmoja. Mvulana hupitia enkipaata akiingizwa katika rika. Morani hupitia eunoto akinyolewa nywele. Na mwishowe olng'esherr humtoa katika umorani na kumweka miongoni mwa wazee. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe hizi tatu miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020 maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, Kaunti ya Kajiado, kwa ajili ya olng'esherr.

Kinachovutia kwa mintarafu ya hisia ni kwamba kila daraja hupewa hisia zake. Morani anaruhusiwa, hata anatarajiwa, kuwa na ukali na majivuno. Mzee anatarajiwa kuwa na utulivu na enkanyit, yaani heshima. Wazee wa rika fulani huwa walezi wa vijana wa rika la pili chini yao, na huitwa wazee wa olpiron, kwa jina la kijiti cha kupekechea moto. Mzee ndiye aliyewasha moto wa kijana, kwa hivyo ana haki ya kumkemea na ya kumbariki. Utulivu wake una kazi. Hautokani na kupoa kwa damu peke yake.

Hapa inafaa kutahadhari na maelezo mepesi. Novemba 1895, katika bonde la Kedong chini ya Longonot, morani waliwaua mamia ya wapagazi wa Kikuyu na wa Kiswahili waliokuwa katika msafara uliotoka Eldama Ravine. Ni rahisi kusema kwamba hiyo ilikuwa hasira ya ujana. Uchunguzi wa maafisa wa Kiingereza wenyewe ulikubali kwamba watu wa msafara ndio waliowachokoza Wamaasai. Kuiita hasira "ujana" ni njia ya zamani ya kutoulizia sababu yake. Miaka tisa baadaye, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika eneo la Naivasha ili ardhi ikaliwe na walowezi. Hapakuwa na aliyeuliza uchungu wa kuondolewa huko ulikuwa wa rika gani.

Ukubwa ni jaa

Makamo ndicho kipindi ambacho U inaonyesha shimo. Kiswahili kina methali yake: "Ukubwa ni jaa", wengine husema jalala. Jaa ni pale ambapo kila mtu hutupa taka zake. Mtu wa makamo huko Longonot anaweza kuwa mama afanyaye kazi katika shamba la maua kandokando ya Ziwa Naivasha, anayelipa karo ya mtoto, anayemtumia mzazi pesa kwa simu, na anayetakiwa kuamua ugomvi wa ndugu zake kuhusu kipande cha ardhi. Kila mmoja anamletea la kwake. Yeye la kwake hana pa kulipeleka. Ikiwa umri huu una huzuni kuliko mwingine, methali imekwisha kutaja sababu: wanaomtegemea wako juu yake na chini yake. Si kwamba ameuomboleza ujana. "Ujana ni moshi, ukienda haurudi" ni methali ambayo aghalabu wazee huwaambia vijana. Mtu wa makamo hana muda nayo.

Uzee na wasikilizaji wake

Susan Charles, aliyetajwa hapo juu, aliendeleza nadharia mwaka 2010 kwa kuonyesha upande wake dhaifu. Wazee hudumisha utulivu kwa kuepuka magomvi, kuchagua watu wao na kupuuza madogo. Lakini shida ikiwa haiepukiki, na ikiwa ya muda mrefu, faida hiyo hupotea, kwa sababu mwili wa mzee hurejea katika hali yake kwa taabu kuliko wa kijana. Utulivu wa uzee, basi, unahitaji mahali pa kutulia.

Maai Mahiu, si mbali na Longonot, ni mahali ambapo hoja hii haihitaji maabara. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008. Baadhi ya waliofurushwa makwao katika sehemu mbalimbali za Bonde la Ufa walikuja kuishi Maai Mahiu, kwanza katika mahema, baadaye katika vipande vidogo vya ardhi. Mzee aliyekuwa na shamba, majirani wa miaka arobaini na kiti chake katika baraza la kijiji alijikuta katika foleni ya chakula pamoja na watu wasiomjua. Hakupungukiwa na umri. Alipungukiwa na wale waliokuwa wakimwita mzee. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yalisomba nyumba za Kamuchiri, karibu na Maai Mahiu, yakaua makumi ya watu. Kwa aliyewahi kuhama mara moja, "wakati uliobaki" wa Carstensen si dhana ya kuulizwa kwa dodoso.

Wamaasai wa upande wa Suswa na Kedong wana namna yao ya upungufu huo. Ardhi imegawanywa, na reli mpya kutoka Nairobi hadi Suswa ilifunguliwa mwaka 2019. Vijana wako shuleni, mjini au kazini. Mzee wa olpiron ana kijiti. Wa kuwashiwa moto hawapatikani kwa wepesi. Hili ndilo linaloweza kulieleza lile tambarare la takwimu za Afrika kuliko umaskini peke yake. Mkono wa kulia wa U unahitaji kitu cha kuupandisha, na kitu hicho kwa jamii hizi kilikuwa kupandishwa cheo na wengine. Cheo kikikosa wa kukitambua, miaka huongezeka bila kupanda.

Mpango wa serikali wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 kwa wazee wote waliotimiza miaka 70, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo. Hata hivyo huingia kwa jina la mzee mwenyewe, na anayeweza kumpa mjukuu daftari kwa mkono wake amerudishiwa kipande cha nafasi yake. Watathmini wa mipango kama huu aghalabu huhesabu vyakula vilivyonunuliwa. Itafaa wahesabu pia nani aliombwa ushauri wiki hiyo.

Majibu ya salamu

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka data, pana mahali rahisi pa kuanzia: kituo cha magari cha Longonot au Maai Mahiu asubuhi, na swali moja, "Habari yako?" Utingo wa miaka ishirini hujibu "poa" au "fiti", maneno yanayouelezea mwili na siku yenyewe. Mwenye kibanda wa makamo hujibu "tunasukuma", kana kwamba maisha ni mkokoteni wenye mzigo. Wingi wa kitenzi hicho hauna budi kuandikwa, kwa sababu anayejibu ni mmoja, na anaowasukumia hawapo hapo.

Mzee naye, akiwa ameketi na bakora yake, huanza kwa kumuuliza mwulizaji habari za nyumbani kwao, za mama yake, za mvua ya huko. Hulifikia jibu lake mwishoni, na mara nyingi huwa neno moja: "Tungalipo." Nalo liko katika wingi. Swali linalopaswa kuandikwa katika daftari la utafiti ni hili: akina nani wengine wamo ndani ya kiambishi kile cha tu-, na ni wangapi kati yao ambao bado wanaishi naye.